Mwenye Nyumba Hayupo

Mshonaji aliamka mgongo ukimuuma, kama kila siku tangu mafuriko. Katika darasa la shule walimohifadhiwa zililala familia nne, zikitenganishwa na shuka zilizotundikwa kwenye kamba. Alikunja mkeka, akamwinua mama mkwe wake, akatoka nje kuwasha jiko. Kisha akakaa na cherehani yake. Aliitia mafuta, akasugua kutu, akajaribu kuzungusha gurudumu. Liligoma. Cherehani iliweza kugoma. Yeye hakuwa na nafasi hiyo.

Mumewe, fundi baiskeli, alirudi kutoka bombani na ndoo ya maji na habari mbaya. Mwalimu mkuu amesema shule inafunguliwa mwezi ujao, na madarasa yanahitajika.

"Tutakwenda wapi?" mshonaji aliuliza.

Fundi alitua ndoo. Akachota kikombe cha maji, akampelekea mama yake.

Kule walikopanga, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini. Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba sita, kila chumba na familia yake. Wapangaji walimwita mwenye nyumba Bwana Kesho, kwa sababu bati likivuja alisema atalitengeneza kesho. Sasa, ajabu, alikuwa na haraka. Kamati ya maafa ilikuwa imempa mabati, saruji na mbao za kujenga upya. Tena alikuwa ameshaanza kutafuta wapangaji wapya wa kulipa kodi kubwa zaidi. Wapangaji wa zamani hawakupewa kitu, hata turubai.

Mchana, jirani yao wa nyuma ya shuka alimkuta mshonaji akilia kimyakimya juu ya cherehani. Alikuwa mkunga mstaafu, na mafuriko haya hayakuwa ya kwanza kumfukuza nyumbani. Alimuuliza kama watu wa kuhesabu waathirika walifika kwake.

"Walifika, dada, siku tuliyorudi pale kuokoa vitu. Afisa alisimama mlangoni akauliza, mwenye nyumba yupo? Nikamwambia hayupo, anakaa upande wa pili wa mji. Akashukuru, akaandika, akaenda chumba cha pili."

"Na huko wakamjibu nini?"

"Hivyohivyo. Sote tulimjibu hivyo. Si ndiyo kweli yenyewe?"

Mkunga alicheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka. Akaeleza polepole. Afisa aliposema mwenye nyumba, alitaka kujua ni nani anayeishi pale. Wao wakasikia anamtafuta mwenye mali. Kwa hiyo vyumba sita vilivyojaa watu viliandikwa kuwa havina mtu, na msaada wote ukaenda kwa mwenye kuta.

"Umejibu kwa adabu, mdogo wangu, ukajifuta mwenyewe," alisema. "Lakini mpangaji naye kapatwa na maafa. Aliyepoteza ukuta ahesabiwe, na aliyepoteza pa kulala ahesabiwe."

Kisha akamwambia la kufanya. Wasiende ofisi ya kamati mmojammoja, waende wapangaji wote. Kila mmoja aseme alilala chumba kipi na watu gani, na jirani yake amshuhudie. Wasitie chumvi, maana uongo wa mmoja utawaangusha wote. Waombe mambo mawili: wahesabiwe upya, na Bwana Kesho awarudishe waliokuwemo kwa kodi ileile. Na wasiondoke ofisini bila kujua nani amepokea malalamiko yao na lini atawajibu.

Siku ya kwanza waliikuta ofisi imefungwa. Walipokwenda tena, waliambiwa mhusika yuko kikaoni. Fundi baiskeli akasema amechoka kupigwa danadana, heri azibe pancha apate hela ya unga. Mshonaji alikuwa amechoka kuliko yeye. Siku iliyofuata alikwenda tu kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu.

Safari hii walimkuta afisa yuleyule, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema utaratibu ni kumwandika mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameshaandikwa.

Mshonaji hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha.

"Dada, mwenye nyumba hajalala pale hata siku moja. Godoro lililooza ni letu. Wewe uliniuliza habari za mtu mwingine, nami nikakujibu."

Afisa alitazama orodha yake. Akaweka kalamu mezani. "Ningeuliza vipi?"

"Uliza, nani analala hapa?"

Afisa aliwaambia jina lake na siku atakayokuja. Siku hiyo alifika kweli, akawakuta wapangaji wakimngoja kwenye ile nyumba, akapita mlango kwa mlango na swali jipya. Kwa mshonaji, mama mkwe aliwahi kujibu kabla ya wote.

"Mimi. Tena nakoroma, waulize hawa."

Watu walicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu maji yaingie. Familia zote sita zilihesabiwa, zikapewa maturubai na magodoro. Bwana Kesho aliitwa mbele ya kamati. Aliambiwa vifaa vile vilitolewa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi pale. Ama awarudishe kwa kodi ileile, ama avirudishe vifaa. Alinung'unika sana, lakini akatia sahihi.

Shule ilifunguliwa kabla vyumba havijaisha kujengwa. Walilala chini ya maturubai kando ya ukuta mpya, mbu wakiwatafuna, wakiyahesabu mabati yaliyobaki kupigiliwa misumari. Mshonaji alijua kwamba safari hii wanangojea kitu chao, na hilo lilimtuliza roho.

Mwishowe wakahamia. Chumba kilinuka saruji mbichi. Cherehani ilishona, ikakwama, ikashona tena.

Mchana wa siku ileile afisa alikuja kuhakikisha waliorudi ndio waliohesabiwa. Alisimama mlangoni, kalamu mkononi.

"Nani analala hapa?"

Mshonaji alikuwa amebeba masufuria hadi kidevuni. Alisogea tu kando ampishe. Ndani, juu ya godoro jipya, mama mkwe alikuwa akikoroma.