Mkunga wa Mke wa Kinyozi

Jua lilikuwa linazama mkunga alipobisha mlango wa mke wa kinyozi. Mimba ile aliilea mwenyewe tangu siku kadi ya kliniki ilipofunguliwa, na ole wake mkunga mwingine ambaye angeigusa! Kwa wivu, hata mke mwenza asingemfikia.

"Umerudi tena, dada?" mjamzito alishangaa. "Si umetoka sasa hivi? Umenikanda tumbo, ukasema mtoto amegeuka."

Mkunga alimpapasa. Jana mtoto alikuwa amelala kimshazari. Leo kichwa kilikuwa chini, sawasawa kabisa.

Roho ilimuuma. Atakuwa yule mkunga wa zamu ya pili kule kliniki, aliwaza; sare yetu moja, taa hafifu, hakututofautisha. Miezi minane nihangaike mimi, aje kuvuna yeye?

"Sikia, mdogo wangu," alinong'ona. "Uchungu ukianza, nikishaingia humu, komea mlango. Usimfungulie mtu. Hata akilia."

"Sawa, dada."

Siku ya tatu, jua likichwea, kinyozi alipiga simu. Uchungu umeanza! Mkunga alitoka mbio, mkoba ukimgonga mbavu.

Mlango ulikuwa umekomewa.

"Fungua! Ni mimi!"

Ndani, maji yalimiminwa kwenye beseni. Harufu ya dawa ya kuulia vijidudu ilipenya chini ya mlango. Kisha sauti, ya upole.

"Sukuma taratibu, mdogo wangu. Niko hapa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Kinyozi, aliyekuwa barazani, alimtazama mkunga, akautazama mlango. "Lakini wewe... si umeshaingia?"

"Mdogo wangu, fungua! Mkunga wako ni mimi!"

"Nenda zako!" mjamzito alijibu akihema. "Mkunga wangu yuko ndani. Amenikataza kufungua. Hata ukilia."

Na kweli, mkunga alikuwa analia.

Kitoto kikalia. Kinyozi akauvunja mlango kwa bega.

Hakukuwa na mtu mwingine. Dirisha lilikuwa na nondo. Mama alikuwa ameshasafishwa, mtoto amefunikwa, kitovu kimefungwa vizuri kuliko mkunga alivyowahi kufunga maishani. Aliogopa, ndiyo. Lakini wivu uliizidi hofu.

"Amekwenda wapi?" aliuliza.

"Atakuja kila jioni kututazama," mama alisema, "mpaka mtoto aanze kutembea."

"Halafu?"

Mama akatabasamu, akamfunika mtoto vizuri.

"Halafu mtoto atamfuata."