Kovu la Ndani

Domisiana alikuwa uani kwake, kijijini Ntobeye, akichambua maharage. Swali moja halikumtoka kichwani. Mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana miaka minne, alizaliwa kwa upasuaji. Je, huyu aliye tumboni atazaliwaje?

Mumewe, Frednand, alikuwa na jibu. "Ukishapasuliwa, ni kisu tu kila mara."

Mama mkwe wake, Kankindi, alikuwa na lake. Alilibonyeza kovu la Domisiana kwa kidole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Linauma?"

"Haliumi, mama."

"Basi limepona. Utajifungulia hapa hapa. Uchungu ukianza, nitakutilia dawa yangu kwenye uji. Mtoto atashuka upesi. Frednand na ndugu zake wote niliwazaa hivyo."

Domisiana aliogopa kisu, akaogopa na dawa. Siku ya kliniki wote watatu walikwenda zahanati.

"Shikamoo, mama," nesi Irine alimwamkia Kankindi.

"Marahaba. Mwambie huyu kovu lake limepona."

"La nje limepona. La ndani je?"

"Kumbe lipo la ndani?" Kankindi alisogeza kiti karibu.

"Lipo kwenye mfuko wa uzazi, na la nje halikuonyeshi la ndani likoje. Kama mfuko ulikatwa chini, kwa mlalo, wanawake wengi wanaweza kujaribu kusukuma, na wengi wao hufanikiwa. Kama ulikatwa wima, unaweza kuchanika wakati wa uchungu. Mwenye kovu la hivyo tunamshauri apasuliwe."

"Na dawa yangu?"

"Inazidisha uchungu, mama. Kovu linaweza kuachia. Tunaweza kumpoteza mama na mtoto."

Kankindi alikirudisha kiti nyuma. Uso wake ulijaa hofu.

"Sasa mimi nisukume au nipasuliwe?" Domisiana aliuliza.

"Ni uamuzi wako. Ukijaribu, kovu huachia kwa wachache, lakini likiachia ni hatari kubwa. Upasuaji nao una hatari ya kutokwa damu nyingi na kidonda kuoza, na kupona huchukua muda. Lolote utakalochagua, ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Nyumbani hapana. Hata hapa zahanati hapana."

Walikwenda hospitali alikopasuliwa. Daktari aliwaeleza kwamba mfuko ulikatwa chini, kwa mlalo. Mara ile mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Huyu ametanguliza kichwa.

"Nitajaribu," Domisiana alisema.

"Na ikishindikana?" Frednand aliuliza.

"Tutampasua mapema," daktari alijibu. "Wala si aibu."

Siku zilipokaribia, Domisiana na Kankindi walihamia nyumba ya wajawazito iliyo jirani na hospitali. Uchungu ulipoanza, wauguzi hawakumwacha peke yake. Walisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tena na tena. Mchana Domisiana alisukuma, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu. Frednand, aliyeitwa kutoka nyumbani, alicheka huku machozi yakimtoka.

Kankindi aliingia na chupa ya uji. Domisiana aliutazama uji, kisha akamtazama mama mkwe wake.

"Ni ulezi na sukari tu," Kankindi alisema. "Ile dawa niliimwaga chooni kabla hatujaondoka nyumbani."

Akamimina kikombe, akanywa yeye kwanza.