Kinanda cha Watu Wawili

Siku hiyo ya soko mjini Nyeri, mwaka wa themanini na saba, king'ora cha polisi kililia katikati ya viazi na mitumba, na wachuuzi wasio na leseni wakatimua mbio. Waridi, binti wa Mzee Muhammad wa mtaa wa Majengo, alikuwa na leseni safi kabisa kwenye kibanda cha babake. Lakini woga hauulizi leseni. Alikumbatia leso za kuuza, akageuka, akateleza, na leso zote zikaenda topeni.

King'ora kikalia tena, mara hii polepole, kikishuka hadi kikawa kama ng'ombe mwenye mafua. Waridi akaifuata sauti hiyo kwa hasira. Nje ya kibanda cha kutengeneza redio alimkuta kijana mrefu aliyevaa koti la bluu la fundi na kofia ya sufu. Mkononi alikuwa na bastola ya kuchezea watoto, ya plastiki, imepasuliwa tumbo, waya nje.

"Kumbe askari ni wewe!"

"Pole, dadangu. Sikujua itafika mbali hivyo. Nimeweka tu kidole kwa hizi waya, ikabadilisha sauti. Sikiza..."

"Sisikizi kitu! Angalia leso zangu."

Fundi huyo, Othmani, aliziangalia leso, kisha akamwangalia mwenyewe: sweta ya kijani juu ya gauni refu, mtandio wa manjano, tope shavuni, macho makali. Akampenda papo hapo, maskini.

"Nitazifua," akasema.

"Wewe? Ufue leso?"

"Sabuni niko nayo, na mto Chania una maji. Shida iko wapi?"

Na alizifua kweli, akazirudisha zimepigwa pasi. Waridi alicheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo chai ya tangawizi ilipata njia ya kwenda kibandani kwa fundi. Othmani alinunua vitu vya kuchezea vya bei rahisi, bata wa kupayuka, gari la zimamoto, vinanda vya watoto, akavifungua na kuvichomelea waya pasipotakiwa, mpaka vikatoa sauti ambazo kiwandani hawakuziota. Gatimu, mwenye duka jirani, alikuwa na swali moja tu kila siku: "Othmani, hiyo ni muziki ama ni ugonjwa?" Waridi alijua ni muziki. Alikuwa akifumba macho kusikiliza, na Othmani akimwangalia alivyofumba.

Jioni Waridi alipiga simu kwa duka la Gatimu, Othmani akaitwa.

"Bata wangu amelala?"

"Amekataa. Ati mpaka asikie sauti yako."

"Muongo wewe! Mwambie nimesema alale."

"Na mwenye bata je, mpenzi?"

"Huyo akeshe."

Lakini mkono wa Waridi, Othmani hakuwahi kuugusa. Mamake kule Kutus alikuwa amemlea hivyo: binti wa watu hashikwi kabla ya ndoa. Hata kikombe cha chai Waridi alikiweka mezani, naye akakichukua mezani.

Kisha posa ikaja kwa Mzee Muhammad, na haikuwa ya Othmani. Ilikuwa ya Dawud, mfanyabiashara wa Nanyuki, mtu mpole asiye na ila. Mzee alisema jibu litatolewa Ijumaa, baada ya swala.

"Sasa?" Waridi alimuuliza Othmani, chai ikipoa.

"Kuna kitu natengeneza, cha wewe na mimi. Nikimaliza, nitatuma wazee kwa babako na hicho kitu. Nipe siku kidogo."

Kesho yake Waridi alibeba mandazi ya moto, moyo mwepesi. Alipofika kibandani, aliishia mlangoni. Othmani alikuwa amemshika mkono mwanamke, tena kwa nguvu, ameinamia kinanda kidogo. Mwanamke huyo alikuwa Mwalimu Ndila, aliyekuja kuchukua redio yake, na alikuwa akicheka.

"Waridi! Ngoja! Nilikuwa napima..."

"Unapima mkono wa mtu? Wangu hujawahi hata kuuliza kama uko!"

Mandazi yalibaki mlangoni.

Othmani alipiga simu kibandani kwa jirani wa akina Waridi, akaomba aitiwe Waridi. Waridi alishika simu.

"Nimemtuma Gatimu akuletee hicho kitu. Lakini usikiguse peke yako, Waridi, kina..."

Waridi akakata simu. Huyo sasa ananipangia cha kugusa!

Gatimu aliuleta mzigo umefungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kinanda cha mtoto, chekundu, na shilingi mbili zimechomelewa, moja kila upande. Waridi alizigusa zote mbili. Kinanda kikapiga yowe jembamba kama birika linalochemka. Waridi alilia. Hata zawadi yake inanipigia kelele, akasema moyoni, na akaamua kwamba Ijumaa hatasema neno.

Na kwao, mwari akiulizwa posa akanyamaza, amekubali.

Ijumaa baba alitoka msikitini, akaketi kitini, akakohoa. Waridi alikuwa mkekani kando ya shangazi yake Saumu, mtandio umeshuka hadi machoni, kinanda kile mapajani. Alikuwa akitaka kukitupa, akashindwa. Kidole gumba kilikuwa juu ya shilingi moja.

"Mwanangu, Dawud ameomba. Wasemaje?"

Kimya. Shangazi Saumu, mikono ingali na maji ya vyombo, aliona machozi yakidondoka. Akamshika Waridi mkono, na kwa mkono wa pili akataka kukiondoa kile kidude chekundu. Kidole chake kikagusa shilingi ya pili.

Kinanda kikaimba. Yowe halikuwepo. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, tulivu, iliyojaza chumba chote. Shangazi alishtuka akaachia mkono, sauti ikakatika.

"Shika tena, shangazi," Waridi akasema.

Alishika. Kikaimba tena.

Waridi akaelewa yote kwa mara moja: mtu mmoja, yowe, watu wawili wakishikana, wimbo. Na fundi anayetengeneza kitu kama hicho lazima akipime na mkono wa mtu, na mkono aliokuwa akiutaka alikuwa akiuheshimu mno.

"Mwari amenyamaza," baba alianza kusema, "basi..."

"Hapana, baba! Sijanyamaza! Dawud ni mtu mzuri, lakini nampenda Othmani, fundi wa redio."

Mzee Muhammad alimtazama bintiye, akakitazama kinanda. "Yule wa king'ora?"

"Ndiye."

"Alinikimbiza na mimi siku ile," mzee akasema, na ndevu zikatikisika kwa kicheko. "Mwambie alete wazee. Dawud nitamjibu mwenyewe, kwa heshima."

Waridi alikimbilia simu bila viatu.

"Othmani, wewe ni mjinga!"

"Najua, mpenzi."

"Ungekipima na Gatimu!"

"Nilijaribu. Gatimu akakataa, ati mimi si bibi yake."

"Mkono wangu uko kwa baba. Njia unaijua. Usichelewe."

Hakuchelewa. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya mavuno ya kahawa, Mwalimu Ndila akasimamia pilau, na bwana harusi akapelekwa chumbani kwa bibi harusi kumpa mkono, kama ilivyo desturi. Waridi alikaa kitandani, hina hadi viwikoni, kinanda chekundu kando yake, na kidole chake kikisubiri juu ya shilingi. Othmani aliweka chake juu ya shilingi ya pili, akautoa mkono wake wa kulia.

"Sasa naruhusiwa?"

"Sasa unachelewa."

Akaushika. Kinanda kikaimba, na shangazi Saumu mlangoni akapiga vigelegele. Uani, Gatimu aliweka sahani yake ya pilau chini ili asikie vizuri.

"Ni muziki," akasema.