Nyota Tano na Cherehani ya Babu

Kila akitoka shule, Gazeti alipitia chumba cha babu yake fundi cherehani. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, maana msichana huyo alisoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa sukari. Alikuwa akipanga vifungo huku wakisikiliza redio pamoja. Sasa redio ilikuwa imekufa. Tangu bibi afariki, watu wa redioni ndio walikuwa wenzake babu mchana kutwa, na Gazeti aliumia kumwona akishona kimya.

Shangazi alipojitolea kununua redio mpya, alimwachia Gazeti achague. Gazeti alikimbia na jarida lake la kupima bidhaa hadi kwa fundi redio, aliyeuza pia redio mpya.

"Nataka hii kubwa nyeusi. Imepewa nyota tano!"

"Babu yako si husikiliza huku anashona?" aliuliza fundi. "Mchukulie hii ndogo ya kijivu."

"Hiyo ina nyota tatu tu!"

Fundi alicheka. "Haya, bosi. Isipomfaa mzee, irudishe kabla sijafunga."

Babu aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mjukuu wangu! Hii ni redio ya wakubwa." Mdundo wa muziki ulitikisa mkebe wa vifungo. Kisha habari zikaanza. Babu akakanyaga pedali, akasimama, akatega sikio. Akakanyaga tena, akasimama tena. Hadi habari zinakwisha, kola ya shati ilikuwa imeshonwa upande mmoja tu.

"Babu, unasikia vizuri?"

"Vizuri mno! Umechagua wewe, itakuwaje mbaya?"

Gazeti alitambua kuwa babu hakutaka kumvunja moyo. Angeweza kunyamaza na sifa zake zikabaki palepale. Lakini akaizima redio.

"Usinifiche, babu. Kila ukitaka kusikia neno unasimamisha cherehani. Nimekosea mimi. Naenda kuibadilisha."

Fundi redio hakumcheka. Alifungua jarida na kuweka kidole chini ya zile nyota, penye maandishi madogo. "Na hapa ulisoma, Gazeti?"

Hapo aliona aibu. Yeye msomaji wa kila kitu alikuwa amepitiwa. Maandishi yalisema walioipima redio walikuwa vijana, wakisikiliza muziki katika chumba kitulivu.

"Hawakudanganya," fundi alisema. "Kwa muziki, hii haina mpinzani. Lakini sauti yake nzito inamezwa na ngurumo ya cherehani. Ya hii ndogo ni nyembamba, inapenya."

"Ahsante, fundi, kwa kunivumilia," alisema Gazeti, na alishukuru kwa dhati.

Gazeti aliporudi na kuiwasha ile ndogo, babu aliendelea kukanyaga pedali. Mtangazaji akatoa mzaha, na babu akaangua kicheko huku mguu ukiendelea na kazi. Gazeti alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Nakushukuru kwa redio," babu alisema, "na zaidi kwa kuniambia ukweli wakati mimi mwenyewe nimeuficha. Majarida endelea kuyasoma. Ila ukiona nyota, uliza waliozitoa walikuwa wakitafuta nini, na wewe unamnunulia nani. Haya, nipe uzi mweupe."

Akashona upande wa pili wa kola bila kusimama hata mara moja.