Hesabu Zilizofanana

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

Kijana akageuka. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likachongoka kona, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mama yake hajawahi kumwambia hapana. Ukumbi wa kituo cha utafiti ulifurika wanafunzi na mabegi yao, wote wakingoja vitambulisho vya mafunzo ya likizo.

"Nauliza tu, dada yangu."

"Kuuliza nako kuna foleni."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akarudi nyuma akinung'unika, "Haya, Hakimu," na jina likamganda binti wa watu hapo hapo. Naye akambatiza Bwana Foleni.

Usimlaumu kwa ukali wake. Jana yake mama yake alimsindikiza kwa maneno haya: "Unahama nyumba miezi miwili kwenda kuhesabu vumbi la maua? Ukirudishwa njiani, nafasi yako dukani kwa mjomba ipo." Duka lile aliliogopa kuliko njaa.

Milima haikutani, binadamu hukutana, tena kwenye meza moja. Asubuhi iliyofuata walipangwa pamoja. Kazi ilikuwa kuhesabu chavua, ule unga wa maua, iliyotolewa kwenye asali na kupakwa juu ya vioo vya hadubini. Kila kioo kilihesabiwa na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuona namba ya mwenzake. Namba zikikaribiana, kioo kimepita. Zikiachana mno, kinakwenda kwa Daktari, mama asiyejua kucheka, naye ndiye husema nani kakosea. Makosa kumi na tano, unafungasha.

Wiki ya kwanza Hakimu alikosea vioo tisa. Bwana Foleni, viwili.

"Unafumba jicho moja," alimwambia. "Fumbua yote mawili."

"Nimekuomba ushauri?"

"Hapana. Nakupa bure, mpenzi."

"Mpenzi ni mama yako."

Wakagombana kazini, wakagombana kwenye chakula, na jioni simu zikaanza.

"Umekula?"

"Umekuwa mpishi wangu?"

"Nataka kujua kesho nitatukanwa na mtu mwenye nguvu kiasi gani."

Binti akacheka kabla hajajizuia. Kupenda alikuwa ameshapenda. Alilijua hilo siku aliyojikuta akingoja harufu ya sabuni yake mlangoni, huku kichwani ameshaandaa tusi la kumpokelea.

Wiki ya pili akakosea vinne zaidi. Kisha, kuanzia ya tatu, mambo yakamnyookea. Kioo baada ya kioo namba zao zilikaribiana, hata Daktari akamsifu mbele ya wote. Binti akampigia mama yake. "Mama, kumbe naweza!" Mama akasema hongera kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Wiki mbili baadaye, akipitia daftari lake, aliona ameruka mstari. Namba ya kioo cha sitini na moja, mia tatu na nane, ameiandika kwenye kioo cha sitini. Akaenda kwenye karatasi ya matokeo ukutani ili aombe radhi mapema. Kioo cha sitini: Hakimu mia tatu na nane, mwenzake mia tatu na tano. Kimepita.

Akakiweka kioo kwenye hadubini. Chavua thelathini na tisa. Akahesabu tena. Thelathini na tisa.

"Kioo cha sitini ulikihesabu?" alimuuliza.

"Nilikihesabu."

"Mimi nilikosea mstari. Wewe mia tatu na tano umeitoa wapi?"

Kijana akainamia hadubini yake.

"Daftari langu huwa unalifungua saa ngapi?"

"Ukienda kula." Akashusha sauti. "Mpenzi, ulikuwa na makosa kumi na matatu. Ungefukuzwa. Nilitaka ubaki."

"Wiki mbili natembea kichwa juu, kumbe nabebwa!"

"Nakupenda, nifanyeje?"

"Ungeniacha nifukuzwe!"

Akalibeba daftari kuelekea ofisini. Kijana akamkimbilia kwenye ujia. "Ukiingia humo, mimi na wewe basi."

Akaingia.

Kijana alifukuzwa siku hiyo hiyo. Vioo mia na ishirini vikafutwa, na Hakimu akaamriwa avirudie vyote, Daktari mwenyewe akihesabu upande wa pili. Makosa yake kumi na matatu yalibaki palepale. Akikosea mawili tu, ni dukani kwa mjomba. Wenzake wakamwita msaliti, wakahama meza yake ya chakula.

Simu ikalia. "Umeniharibia jina," kijana akasema.

"Uliliharibu mwenyewe. Mimi nimelisoma tu." Akakata.

Akahesabu amekaza meno. Kioo cha kumi na moja akakosea. Akaenda kunawa uso, akarudi kitini. Alipomaliza cha mwisho, Daktari alilinganisha namba, akavua miwani. "Baada ya kile cha kumi na moja hujakosea. Umeiva, binti." Hakimu alifurahi, kisha akalia kwa hasira, maana yule mwanamume alimnyima kulijua hilo mapema.

Siku ya kufunga mafunzo alimkuta kijana getini.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuona huwezi. Nilikudharau, nikadhani ni mapenzi."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Dada yangu. Kanifokea siku nne."

"Msalimie sana."

Binti bado alimpenda, lakini hakuwa tayari kudanganywa tena, hata kwa wema. Alikuwa amevaa gauni jipya la manjano, na tangu asubuhi hata waliomhama mezani walikuwa wakilisifu. Akajizungusha kidogo. "Gauni hili unalionaje?"

Kijana akalitazama juu mpaka chini. "Linakubana mabegani. Na hiyo rangi haikupendezi."

"Mshenzi wewe!" Lakini tabasamu lilikuwa limeshamtoroka. "Bado nina hasira na wewe."

"Naona."

"Nitakuwa nazo mpaka mwezi wa kumi."

"Basi nitakupigia mwezi wa kumi na moja."

"Nipigie kesho," alisema, akimtwisha begi lake, "nikutukane vizuri."