Kamera Ilisema Mama Amelala

Kila siku shule ilipofungwa, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda kidogo cha kushona nguo za watoto wachanga, ambako mama yake alikuwa mkaguzi wa nguo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akafanya kazi za shule mpaka mama atoke.

Siku hiyo alianza na daftari lake la kiongozi wa darasa, ambamo aliandika wakosaji ili kesho yake ampe mwalimu. Alikuwa amemwandika mmoja tu, mwenzake wa dawati: "Amelala kipindi cha hesabu." Alipiga mstari chini yake, akajiona hodari kwelikweli.

Alipoinua uso, meza ya mama ilikuwa tupu. Mama alikuwa amesimama mbele ya meneja, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kamera hii ina akili bandia. Haikosei," meneja alisema, akigongagonga skrini kwa kidole. "Wiki hii umelala kazini mara arobaini na moja. Macho umefumba, mikono haiendi. Leo tangu asubuhi inakagua nguo peke yake, na kazi imekwenda mbio. Wewe kusanya vitu vyako."

"Bosi, mimi silali. Ungeniuliza tu..."

"Nikuulize nini, na picha hizi hapa?"

Chiriku alihisi damu inamchemka. Jamani! Mama yake, anayeamka kabla ya jogoo, leo aitwe mlalaji? Na anayemwita hivyo ni mtu aliyekaa ofisini mwezi mzima bila kuja hata mara moja kuona kazi inavyofanywa!

Kila fundi pale alijua. Sindano ya cherehani ikikatika, ncha yake inaweza kubaki ndani ya mshono, mahali jicho lisipofika. Ndiyo maana mama alitandaza kila vazi, akafumba macho, akapitisha kiganja polepole. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuchomwa.

"Anatafuta sindano!" Chiriku alipaza sauti. "Hajalala! Waulize mafundi!"

"Chiriku, nyamaza, mwanangu," mama alinong'ona.

"Sinyamazi, mama! Wanakuonea!"

Cherehani zote zilinyamaza. Mlango wa ndani ulifunguliwa, akatoka mwenye kiwanda, bibi mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Kuna nini hapa?"

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. Hata akiwa na hasira, adabu hakuisahau.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, sema."

Chiriku akasema yote bila kuvuta pumzi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia meneja.

"Nguo zilizokaguliwa na kamera leo ziko wapi?"

"Zimeshafungwa kwenye maboksi. Gari linakuja."

"Fungua."

Mama alirudi mezani. Alitandaza fulana ya kwanza, akafumba macho. Ya kwanza salama. Ya pili salama. Meneja akaanza kutabasamu. Kwenye boksi la tatu, kiganja cha mama kilisimama kwenye pindo la shingo.

"Hapa," alisema.

Fundi mmoja alifumua mshono. Kipande cha sindano, kidogo kuliko punje ya mchele, kilidondoka mezani.

"Shingo ya mtoto mchanga!" Bibi alifoka. "Na wewe ulikuwa unamfukuza anayeziona hizi!"

"Nisamehe, dada," meneja alimwambia mama, kichwa chini. "Nilipaswa kukuuliza."

"Kamera itabaki, inasaidia kuona madoa na vifungo vilivyopinda," Bibi alisema, safari hii akiwatazama wote. "Lakini kila vazi litapita chini ya kiganja cha mtu. Na mkisoma kwenye skrini kwamba mtu amekosa, mwendeeni mumwulize kabla ya kumhukumu. Kamera inaona macho yamefumbwa. Haijui yamefumbwa kwa nini. Kujua ni kazi yetu sisi, na tukiwa wavivu wa kuuliza, tusiisingizie mashine."

Mama alivuta kiti chake, akaendelea na kazi. Chiriku alirudi kwenye benchi akiwa na furaha tele, mpaka macho yake yalipoangukia daftari.

Asubuhi iliyofuata alimsogelea mwenzake wa dawati kabla ya kengele.

"Jana kwenye hesabu ulifumba macho. Kwa nini?"

Mvulana alimshangaa kidogo. "Kichwa kilikuwa kinaniuma sana, na hata leo hakijapoa. Mwanga wa dirishani uliniumiza macho."

Chiriku aliona aibu mpaka masikioni. Alichana ule ukurasa vipande vipande, akambebea mwenzake mkoba, wakaenda pamoja kumwambia mwalimu kwamba yule mvulana anaumwa.