Shahada ya Pili ya Héritier

Kila asubuhi nilipofagia ua wetu mtaani Kimanga, kaka yangu Héritier alipiga pasi shati, akavaa viatu vyake vya ncha, akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Tangu siku aliyomwagiwa unga kichwani kusherehekea kumaliza chuo, alitaka aitwe "Ingénieur", yaani mhandisi, hata na mama aliyemzaa!

Sasa alitaka shahada ya pili huko Bujumbura. Fomu zilitakiwa Ijumaa, na baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wetu aliyeko milimani Rurambo. Ng'ombe mzima, kwa mtu asiyejua hata kukunja suruali!

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, baba alimwachia asimamie uchimbaji wa mfereji wa kukinga maji ya mlimani. Fundi Kizito, mwashi, alileta mpira mwembamba uliojaa maji, ambao waashi hupimia usawa wa ardhi.

"Weka pembeni," alisema Héritier, akijigonga kifua na kufumba jicho moja. "Minye napima na macho. Chimba huku."

"Maji itaangukia kwa jirani, Ingénieur."

"Nani alisoma hapa?"

Kizito alichimba. Mimi nilisikia yote, nikanyamaza, maana nilitamani kumwona akiumbuka.

Jumatano mvua ilinyesha. Maji yalifuata mfereji kwa utii mkubwa hadi jikoni kwa Mama Bernardine, jirani yetu mjane. Sisi na baba tulikimbilia huko, tukakuta unga wake wote wa muhogo umeharibika.

"Ingénieur," nilimcheka, "maji haikusoma diplome yako!"

Héritier aliketi kwenye matope na viatu vyake vile. "Baba, kupima walitufundisha," alisema. "Minye nilikopia kwa wenzangu. Hata hii diplome ya pili nilitafuta jina tu."

Baba alimwinua. "Masomo haina mubaya, mwanangu. Lakini Ijumaa ipite. Tumika kazi mwaka moja na Fundi Kizito. Siku utaniambia kitu chenye unataka kujua, ng'ombe nitauzisha."

Héritier alikwenda kumwomba Mama Bernardine msamaha na kuzoa matope jikoni mwake. Nikacheka tena. Baba akanigeukia.

"Alliance, Fundi aliniambia alimuonya kaka yako. Weye ulimusikia?"

"Nilisikia, baba."

"Na haukuniambia?"

Niliona aibu kuliko kaka yangu.

"Basi ile jiko mulijaza maji wawili," alisema baba. "Mwenye hajui na anajivuna, na mwenye anajua na ananyamaza, hasara yao ni moja. Kamata beleshi, ufuate kaka yako."